Mgonjwa Ndani ya Gari la Mbunge

Wiki iliyopita niliwaacha barabarani. Vumbi halijatulia, mama wa Kisukuma amepiga magoti mbele ya bampa la gari langu, na dereva wangu Maiko ananiuliza tumkwepe au tusimame.

Kwa aliyeungana nami leo, naitwa Theopista. Kabla ya kuitwa mheshimiwa nilikuwa wakili Mpanda, ofisi ya chumba kimoja Ilembo, mlango wa pili saluni. Kesi ya bonde la mpunga ndiyo iliyonitoa. Tajiri mmoja alitaka kuwapora wakulima wa kwetu, Majimoto, mashamba yao. Nikasimama nao mahakamani mpaka akashindwa. Walinibeba mabegani. Uchaguzi ulipofika, walewale wakaniambia, "Wakili wetu, nenda ukatusemee Dodoma." Nikaenda.

Kwetu tumezaliwa watatu: mimi, Ezekia na Angela. Ezekia ndiye aliyeongoza kampeni yangu. Angela aliolewa na Deusdedit, mwenyekiti wa skimu ya mpunga, mtu mpole aliyechoka kuona wakulima na wafugaji wakitoana damu kila msimu. Mimi na yeye tulihangaika mpaka pande mbili zikakubaliana ipimwe njia ya ng'ombe kwenda majini, wasikanyage tena mpunga wa mtu.

Nilikuja Majimoto kuitangaza njia hiyo. Badala ya mkutano nikakuta msiba. Deusdedit alikuwa amekutwa shambani amekatwa panga, na kando yake fimbo ya mchungaji.

Fimbo ilijulikana mara moja. Ni ya Luhende, kijana wa Kisukuma. Vijana wa kwetu wakamwagika barabarani kumsaka, nami nikapanda gari niwahi Mpanda nikaombe askari kabla kijiji cha Wasukuma hakijachomwa.

Na yule mama aliyepiga magoti alikuwa mama yake Luhende.

"Maiko, zima gari," nilisema.

"Mheshimiwa, hapa si pa kuzima gari."

Nikashuka mwenyewe.

Yule mama hakuinuka. Alikuwa mwembamba, shingo ndefu, macho makavu kabisa. Hiyo ndiyo iliyonitisha. Mama anayelia unajua umfanyeje. Asiyelia humjui anakupeleka wapi.

"Mimi Nyanzala," alisema. "Sikuja kukuambia mwanangu ni malaika, mayu, mama yangu. Nimekuja kukuuliza neno. Wakati wa kura ulikuja mnadani kwetu. Ulisema wewe ni mbunge wa mwenye jembe na wa mwenye fimbo. Nilikuwa juani nakusikiliza. Ulisema kweli au ulikuwa unatafuta kura?"

"Nilisema kweli."

"Basi leo mwenye fimbo ana shida."

Akageuka akapiga mluzi mdogo. Kutoka kwenye mahindi akatoka binti mja mzito, amejitanda kitenge mpaka puani, anatembea ameshika kiuno. Nilidhani ni mkwe wake. Nikafungua mdomo kumuuliza ana miezi mingapi.

Halafu nikaona mikono. Ilikuwa mikono ya mwanamume, imechubuka.

"Mama," Luhende aliniambia kwa sauti ya chini, "sikumuua."

Nikashika boneti ya gari, ikaniunguza, sikuutoa mkono.

Nilitoa simu nikampigia mkuu wa kituo kidogo cha polisi tulichokiacha nyuma. Nikamuuliza nikimletea mtuhumiwa atamlinda?

"Mheshimiwa, niko na vijana wangu wachache na watu wamezunguka kituo. Wanadhani tumemficha. Ukimleta hapa hutakuwa umeniletea mtuhumiwa, utakuwa umewaletea wao nyama. Mpeleke Mpanda. Na usipite unaonekana."

Simu ikakatika.

Maiko alikuwa ameshuka. Akanivuta pembeni.

"Mheshimiwa, niruhusu niseme kama mwanao. Mbele kuna kizuizi. Waliokaa pale ndio kura zako. Wakimkuta huyu ndani ya gari yako, watamuua yeye, watakuua wewe, na mimi nitakufa bila hata kugombea udiwani. Tuwaache. Hakuna aliyetuona."

Alisema kweli yote. Nami nitawaambia kweli yangu, maana nisipoisema hapa sitaisema popote: nilitaka kuwaacha. Nilimwangalia yule kijana nikamwona shemeji yangu kwenye majani ya mpunga. Nikamwona Angela anajigaragaza uani. Nikaona na kile kiti changu cha Dodoma. Nikarudi garini, nikashika mlango.

Nyanzala hakunibembeleza. Alikuwa bado amepiga magoti.

"Kama unaondoka," alisema, "tupitie juu. Usituache hapa wakatukuta."

Nikafungua mlango wa nyuma.

"Ingieni."

Maiko akaenda nyuma ya gari, akasema anaangalia tairi. Akakaa huko na simu yake mpaka nikampigia honi.

Tukaondoka. Mimi nilikaa mbele, mama na mwanawe nyuma, Luhende amelazwa mapajani kwa mama yake, tumbo la matambara limeinuliwa juu. Nikageuka. Hofu ilikuwa imenikaba, na mtu akiogopa hukimbilia kazi anayoijua. Nikaanza kumhoji.

"Fimbo ni yako?"

"Ni yangu."

"Ilifikaje pale?"

"Niliiacha nikikimbia."

"Ulifuata nini shambani kwa mtu?"

"Aliniita yeye Deusdedit. Tulikuwa tunapiga vigingi vya njia ya ng'ombe. Alisema mbunge anakuja, nataka avikute vimesimama."

Nikageuza uso mbele. Kumbe alifia kazi yangu.

"Endelea."

"Mimi nilikuwa chini mferejini, nachonga kigingi. Akaja mtu na pikipiki. Hakuniona. Wakasalimiana vizuri tu. Halafu nikasikia wanagombana. Yule mtu anasema, njia haipiti hapa. Deusdedit anasema, imekwisha kukubaliwa, nenda kamwambie mbunge mwenyewe. Halafu nikasikia panga."

"Ulimwona?"

"Alinipa mgongo. Alivaa fulana yenye picha yako."

"Fulana hizo kila nyumba inazo."

"Ndiyo, mama."

"Umesema hukumwona uso. Basi unataka mahakama ikuamini kwa kitu gani?"

Nikadhani amekwisha. Nimeona mashahidi wengi wakiishia hapo.

"Deusdedit alipoanguka alisema neno," alisema. "Alisema, 'Shemeji, unaniua?'"

Gari likaingia shimoni kwa kishindo. Nyanzala akagonga kichwa kioo. Maiko akaomba radhi, akasema hakuliona.

Shemeji ni neno la bure siku hizi. Muuza vocha anakuita shemeji, bodaboda anakuita shemeji, kinyozi vilevile. Wakili mzuri angelichana neno hilo mbele ya hakimu kama karatasi.

Lakini mimi sikuwa mbele ya hakimu. Nilikuwa dada yake Angela. Na Angela ana kaka mmoja tu.

Nikajiambia, hapana. Ezekia hasira anazo, njia ile inakata kipande cha shamba lake, hilo nalijua, tuliligombania mpaka mama akaingilia. Ezekia hakupenda nilivyosema maneno yale mnadani. "Wewe unawapa Wasukuma mbeleko," aliniambia, "mimi nawaambia nini vijana wangu?" Kweli, vijana walikuwa wake. Kila ng'ombe akiingia kwenye mpunga, wanamkimbilia Ezekia. Ikitokea amani, watamkimbilia kwa lipi?

Lakini kuua? Shemeji yake?

Hapana, nilisema. Nikaisema hata kwa sauti, maana Maiko aliniuliza, "Hapana nini, mheshimiwa?"

Kabla sijamjibu, tukaona magogo.

Walikuwa wameyalaza njia nzima kabla ya kufika Kibaoni. Nyuma ya magogo, watu. Mapanga, marungu, shoka. Wanawake walikuwapo pia, wengine wamejifunga khanga za msiba. Niliwajua karibu wote. Nilijua nani mtoto wake nilimtafutia nafasi ya shule, nani alilala kwenye baraza la mahakama wiki nzima ya hukumu ili asikose kusikia.

Walipoliona gari langu walipiga kelele za furaha.

"Wakili! Wakili wetu kaja!"

Miaka yote nilikuwa nikisikia kelele hizo mwili unanisisimka. Siku ile zilinisisimua kwa namna nyingine.

"Mfunike uso," nilimwambia Nyanzala bila kugeuka. "Na wewe, Luhende, ukipumua, pumua kama mwanamke mwenye uchungu. Ukishindwa, kaa kimya kabisa."

Mtu akatoka katikati ya kundi akaja dirishani kwangu. Amevaa shati jeupe, safi, la kanisani. Ni Ezekia.

"Dada, pole."

"Pole na wewe, mdogo wangu."

Hakuangalia uso wangu. Alikuwa tayari anaangalia kiti cha nyuma.

"Umebeba nani?"

"Mama mmoja na mkwe wake. Tumewakuta njiani. Uchungu umembana, hali ni mbaya, namwahisha Mpanda."

"Wasukuma?"

Alilisema kwa sauti ya kusikika. Lile kundi likasogea. Kelele za furaha zikakatika kama mtu amezima redio.

"Wanaua watu wetu, wake zao wapande gari ya mbunge wetu?" alipiga kelele mmoja.

"Washushe! Wazalie hapohapo!"

Rungu likagonga ubavu wa gari. Nikafungua mlango, nikasimama juu ya ngazi ya gari ili waniangalie mimi, wasiangalie nyuma.

"Nisikilizeni nyie!" nilisema. "Aliyekufa ni shemeji yangu. Mfiwa ni mimi. Kama kuna mwenye haki ya kumshusha mtu humu, ni mimi, na sijamshusha. Wakati wa kesi mama zenu walilala nje Mpanda, mvua inawanyeshea. Wenye nyumba waliowafungulia, mliwauliza kabila? Mama Angelo, mliwauliza?"

Yule mama niliyemtaja akaangalia chini.

Wakatulia kidogo. Nikadhani nimeshinda. Ndipo sauti ya mwanamke ikatoka nyuma.

"Nipisheni. Mimi nesi. Nimwangalie huyo mgonjwa."

Alikuwa Glory, nesi wa zahanati, aliyewazalisha nusu ya wanawake waliosimama pale. Nilimpenda sana Glory. Wakati ule nilitamani ardhi immeze.

"Nesi, tumechelewa," nilisema.

"Ndiyo maana niangalie. Mtoto akiwa ametanguliza miguu hamfiki hata Sitalike."

Ezekia akamfungulia mlango wa nyuma, upande wa Nyanzala. Glory akainama, akaingiza kichwa na mikono ndani ya kitenge.

Mikono yake ikasimama.

Niliona mgongo wake ukikakamaa. Alikaa hivyo, ameinama. Nyuma yake Ezekia amesimama, nyuma ya Ezekia watu. Glory akainua macho, yakakutana na yangu. Sikumkonyeza. Sikumtikisia kichwa. Deusdedit alikuwa msimamizi wa ndoa yake.

Akatoa kichwa nje, akashusha kitenge polepole, akakichomeka vizuri.

"Amekaa vibaya," alisema. "Mtoto amekaa vibaya sana. Ondoeni magogo. Akifia hapa, mzimu wake utakuwa wa kwenu, wala msije zahanati kunililia."

Akaondoka bila kugeuka. Niliona anajifuta mikono kwenye gauni, anajifuta tena na tena.

Magogo yakaanza kuondolewa. Nilikaa kitini nikavuta mlango.

"Dada," alisema Ezekia, "nisogezee nafasi. Naenda na nyie."

"Wapi?"

"Mpanda, polisi. Mimi ndiye niliyemkuta marehemu. Wanataka nikaandikishe maelezo."

Ningesema nini? Nimnyime mdogo wangu lifti siku ya msiba, mbele ya watu wote wale? Akili ikanifanyia kazi harakaharaka. Akikaa nyuma, atakaa bega kwa bega na Luhende. Nikashuka.

"Kaa mbele wewe. Mimi nitakaa na mgonjwa."

Nikaingia nyuma ya Maiko. Luhende akawa katikati, mama yake upande wa pili. Ezekia akapanda mbele. Mkononi alikuwa na mfuko wa salfeti umeviringishwa, mrefu. Akauweka katikati ya miguu, nao ukagonga chuma.

"Weka nyuma panga lako," nilisema.

"Leo mtu hatembei mikono mitupu, dada."

Tukaondoka, watu wanatupungia mikono. Glory hakuwa miongoni mwao.

Ezekia hakuongea mpaka tulipokaribia kuingia kwenye hifadhi ya wanyama. Nilikuwa na mkono juu ya lile tumbo la matambara la Luhende, nikihisi moyo wake unavyopiga chini yake. Kitenge kilikuwa kimelowa jasho. Kila Ezekia alipokohoa, kijana alishtuka. Alikuwa ameitambua sauti. Sikuhitaji kumuuliza.

Ndipo nilipojua kwamba lile hapana nililolisema halikuwa na kazi tena.

"Angela anaendeleaje?" aliuliza Ezekia.

"Hali chakula. Anauliza kama mumewe alikuwa peke yake."

"Alikuwa peke yake. Nilimkuta ameshapoa, dada. Hata kumfumba macho ilikuwa shida."

"Asubuhi?"

"Jua limeshatoka. Nilienda kuangalia maji shambani kwangu, nikaona nzi."

Alisimulia vizuri. Kwa mpangilio. Nimesikia maelezo mengi ya mashahidi, na wanaosema kweli hawana mpangilio. Wanarudi nyuma, wanasahau, wanalia katikati. Ezekia alisema kama mtu anayesoma.

Nilimwomba Mungu aninyamazishe. Nilijua ninachotakiwa kufanya: kukaa kimya mpaka Mpanda, kumfikisha Luhende mikononi mwa wakubwa wa polisi, kisha kufungua mdomo. Jambo dogo tu hilo, kukaa kimya.

Tukaingia hifadhini. Barabara ikawa nyeupe, pori pande zote. Mbung'o wakaanza kugonga vioo. Maiko akapandisha dirisha, joto likajaa ndani. Hatukupishana na gari lolote.

Ezekia akaegemeza kichwa kwenye kiti. Nadhani alichoka. Nadhani, sijui, ndani yake kulikuwa na mtu aliyetaka kulia.

"Silali, dada," alisema. "Tangu jana silali. Nikifumba macho nasikia sauti yake inaniita."

Na mimi, mwanamke mjinga niliyesomeshwa kwa mpunga wa baba ili niulize maswali, nikauliza.

"Sauti gani? Si ulimkuta ameshapoa?"

Lilitoka lenyewe. Miaka ya mahakamani ilinifundisha kuruka juu ya neno kama paka anavyorukia panya, na hakuna aliyenifundisha kulirudisha. Nililiona linavyopita kutoka kinywani kwangu hadi sikioni kwake.

Ezekia hakugeuka. Alinyanyua kichwa polepole kutoka kwenye kiti.

Mbung'o waligonga vioo. Nilitazama shingo ya mdogo wangu, niliyembeba mgongoni nikienda kuchota maji, na niliona mshipa unapanda na kushuka.

"Nilisema sauti?" aliuliza.

"Labda sikusikia vizuri."

"Hapana. Wewe unasikia vizuri, dada. Wewe ni wakili."

Nyanzala akanishika kiganja kwa nyuma ya mgongo wa mwanawe, akakibana mpaka mifupa ikauma. Alikuwa ameelewa.

"Ezekia," nilisema taratibu, "chochote kilichotokea, kuna njia ya kukisema. Nitakutafutia wakili mzuri kuliko mimi. Mtu akigombana, akapandwa na hasira bila kukusudia, sheria inalo jina lake. Si sawa na kuua kwa kukusudia. Nisikilize."

"Nani kagombana?"

"Nasema tu."

"Nani amekuambia tuligombana?"

Mara ya pili. Nilikuwa nimejifunga kamba mwenyewe mara ya pili. Maana huo ugomvi alikuwa nao nani? Marehemu, ambaye haongei. Yeye, ambaye hajasema. Na mtu wa tatu aliyekuwa mferejini.

Nilimwona akihesabu hayo kichwani. Nilimwona anafika mwisho wa hesabu. Akainua mkono, akageuza kioo kidogo cha kati, kile cha dereva, mpaka kikamwonyesha kiti cha nyuma. Macho yake kwenye kioo yakashuka kutoka kwangu hadi kwenye kitenge. Yakakaa hapo.

"Mgonjwa mbona halii?" aliuliza.

"Amechoka," nilisema.

"Mwanamke mwenye uchungu hachoki kulia, dada. Angela alilia mpaka mtaa mzima ukatoka."

Luhende akatoa sauti. Alijitahidi, maskini. Ilikuwa sauti ya mnyama, si ya mwanamke wala ya mwanamume.

Ezekia akatabasamu. Nimemjua tangu amezaliwa na sijawahi kuliona tabasamu lile.

"Maiko, simama hapo mbele. Nikajisaidie."

"Usisimame," nilisema. "Humu hifadhini hairuhusiwi kushuka. Maiko, endesha."

Gari lilipunguza mwendo.

"Maiko! Mimi ndiye mwajiri wako. Endesha gari!"

Gari likasimama.

Ezekia akafungua mlango akashuka. Aliuchukua na ule mfuko wa salfeti. Nilimsikia anatembea juu ya kokoto, anazunguka nyuma ya gari, hana haraka.

"Maiko, ondoa gari sasa," nilinong'ona. "Ondoa, mwanangu, nakuomba. Mwache hapo."

Maiko alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili. Jasho lilikuwa linamtiririka nyuma ya masikio. Hakuondoa gari.

Mlango wangu ukafunguliwa kutoka nje. Joto likaingia, na mbung'o, na Ezekia ameinama juu yangu, shati jeupe, mfuko umeshaviringuliwa.

"Dada, nenda ukakae mbele," alisema kwa upole, kama alivyokuwa akiniambia nyakati za kampeni nikiishiwa sauti. "Umechoka. Mgonjwa nitamshika mimi."

"Sitoki," nilisema. "Ezekia, sitoki hapa."

Nilijitandaza juu ya Luhende kwa mwili wangu wote. Nyanzala alikuwa anaomba kwa Kisukuma, haraka haraka, bila kupumua.

Maiko akazima injini. Akachomoa ufunguo. Nilidhani anataka kuutupa porini, atuokoe. Akashusha kioo, akanyoosha mkono, akamkabidhi Ezekia.

"Nisamehe, mheshimiwa," alisema bila kugeuka. "Aliniahidi wewe hutaguswa. Kule kwenye mahindi nilishampigia."